Shangazi, nimwache rafiki yangu kwa sababu ameacha kusali?

Barua ya wiki hii ilikuwa ndefu, nimeifupisha na kuondoa vitu ambavyo vingemtambulisha mwenyewe:

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 25, niko mjini mwaka wa nne sasa kikazi. Nimelelewa nyumba ya watu wanaosali, kwaya nimeimba tangu mdogo. Nimepanga na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Zamani tulikuwa tunasali wote, ila kama miaka miwili iliyopita yeye aliacha, anasema haamini tena, hagombani na mtu, kaacha tu. Mimi nafanya kazi siku sita, narudi usiku, Jumapili mwili unagoma kabisa. Kanisani naenda labda mara moja kwa mwezi, nakaa nyuma natoka kabla hawajamaliza. Kiongozi wa kikundi chetu cha vijana akaniita, akasema nimerudi nyuma kwa sababu ya huyo dada, akanisomea mstari wa marafiki wabaya na kuniambia nihame kabla mwaka haujaisha. Shangazi, huyu dada ndo aliyeniuguza mwaka jana. Kingine kinachonitesa, mama huwa anapiga Jumapili mchana, nikiona anapiga naweka nyimbo za kwaya kwenye laptop kwanza ndo napokea, ili asikie kama ndo natoka ibadani. Nikikata simu nalia. Nikisali naona kama naongea na ukuta. Je, nimwache rafiki yangu? Na mimi bado ni mwamini au najidanganya?"

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nakwama kwenye ile laptop. Nakuona kabisa simu inaita, jina la mama limetokea, na wewe unakimbia kutafuta wimbo, unaweka sauti isiwe kubwa sana wala ndogo sana, ndo unasema haloo mama. Sasa mimi ntakwambia nilichokiona hapo, na sio kwamba nakutetea kwa uongo, uongo ni uongo na tutaufikia. Ila mtu ambaye imani imemtoka hahangaiki hivyo, angemwambia mama yake siendagi siku hizi, basi, na baada ya simu angeendelea na usingizi wake. Wewe unalia. Unalia kwa sababu kuna kitu unakipenda na unaona kama umefungiwa nje. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza, ndiyo, bado wewe ni mwamini, tena mwamini aliyechoka sana na ambaye hana mtu wa kumwambia kwamba amechoka.

Swali la rafiki, jibu langu ni usimwache. Naomba unisikilize kwa nini, manake najua ulichosomewa kimetoka kwenye Biblia na mtu akishakusomea Biblia unaona ukibisha unabishana na Mungu.

Kwenye ile barua ndefu uliniambia vitu ambavyo nadhani hata wewe uliviandika haraka ukapita. Ulisema ulipougua, huyu dada alikata kipande cha boksi akaandika dozi zako kwa maka peni, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku, akakibandika ukutani juu ya kitanda chako, na kila ukimeza anaweka tiki. Ya saa sita usiku alikuwa anaamka yeye, kwa alamu, na kesho yake anaenda kazini. Halafu ukasema kuna usiku homa ilipanda ukaogopa, ukamwomba akusomee zaburi kwa sababu macho yako yalikuwa hayaoni vizuri, na yeye akachukua simu yako akafungua akasoma. Mtu ambaye haamini. Ukasema alisoma polepole, akikwama kwenye majina anarudia, mpaka ukalala.

Mwanangu, huyo ndo unaambiwa ni rafiki mbaya?

Kuna kile kisa kwenye Marko sura ya 2, yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne, nyumba imejaa watu hakuna pa kupita, wakapanda juu wakatoboa dari wakamshusha na godoro lake. Imeandikwa Yesu alipoiona imani yao. Yao, wale waliobeba, mgonjwa mwenyewe hatujaambiwa hata kama alisema neno. Sasa sisemi rafiki yako ana imani, mwenyewe kasema hana na tumheshimu kwa ukweli wake, asije akageuzwa mwamini na mimi ambaye hata hajaniandikia. Ninachosema ni kwamba usiku ule kuna mtu alishika upande mmoja wa godoro lako, akakusogeza pale ulipotaka kufika, na alikuwa yeye.

Tuje kwenye ule mstari sasa. 1 Wakorintho 15:33, mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, wengi tunausema kama marafiki wabaya. Sio maneno ambayo Paulo aliyatunga, ni msemo wa Kigiriki uliokuwa unajulikana mitaani wakati ule, kwa kawaida unahesabiwa kuwa umetoka kwa Menander, mwandishi wa michezo ya kuigiza. Na ukisoma sura yote ya 15 utaona anaongelea nini, kuna watu ndani ya kanisa lenyewe walikuwa wanasema wafu hawafufuki, na Paulo anasema kama ndo hivyo basi tule tunywe manake kesho tutakufa, halafu anawaonya wasichukuliwe na maneno hayo. Yani mazungumzo mabaya yalikuwa yanatoka kwa watu wa humohumo, sio kwa mpangaji mwenzao. Halafu kwenye barua hiyohiyo, sura ya 5, mstari wa 9 na wa 10, anasema waziwazi kwamba alipowaambia wasichangamane na watu wa tabia fulani hakuwa na maana ya watu wa dunia hii, kwa sababu ingekuwa hivyo ingewabidi watoke duniani kabisa. Kasome mwenyewe usinitegemee mimi. Sisemi kiongozi wako ana nia mbaya, inawezekana anakupenda na aliogopa kukupoteza, na aliona kitu rahisi cha kunyooshea kidole. Ila hakuuliza vizuri. Hakukuuliza unalala saa ngapi.

Ungeniambia mambo mengine ningejibu mengine, naomba hilo lieleweke hasa kwa wengine mnaosoma. Kama ungeniandikia kwamba ukipiga magoti anakucheka, anakusema mbele za watu, anakulazimisha mambo ambayo roho yako inakataa, anakula hela yako, ningekwambia tafuta chumba mwezi huu. Lakini wewe umeandika kwamba akikuona unasali anavaa earphone na kupunguza taa. Nimelirudia hilo nalo. Kuna nyumba za waamini ambazo hazina heshima hiyo.

Na nina sababu yangu binafsi ya kusema hivi, ntakusimulia.

Nikiwa na miaka 23 nilikuwa na rafiki, tulikuwa tunaazimana mpaka viatu. Akapata ujauzito kabla ya ndoa. Kikundi nilichokuwa nasali nacho kikakaa, wakasema tujitenge naye kwa muda ili ajirudi, na mimi nikatii, nikajiona nimefanya jambo kubwa kwa Mungu. Hakuna aliyenilazimisha kwa fimbo, nilikubali mwenyewe. Alinipigia mara kadhaa nikaacha simu iite. Mwishoni akanitumia meseji fupi, kajifungua, wa kike. Nikaisoma nikaweka simu chini. Nilipanga kujibu wikiendi, wikiendi ikapita, nikaona aibu kujibu nikiwa nimechelewa, ikapita nyingine, unajua inavyokuwa. Miaka tisa baadaye tukakutana kwenye korido ya hospitali, kapungua kidogo, yuko na binti mrefu mwenye madaftari mkononi. Akanisalimia vizuri tu, kwa adabu, akamgeukia mtoto akamwambia msalimie huyu mama. Huyu mama. Yule mtoto alipaswa kuniita mama mdogo, tulishakubaliana hayo sisi wawili tukiwa tunalala chumba kimoja, kwamba watoto wako wataniita hivi na wangu watakuita hivi. Nikajibu marahaba nikaondoka kabla hajaniona uso. Nilimwomba msamaha baadaye, alinisamehe, ila urafiki ule haukurudi, tunasalimiana sikukuu. Kwa hiyo mtu akiniuliza nimwache rafiki yangu kwa ajili ya imani, namjibu nikiwa nimeshika meseji ile.

Sasa tuongee kuhusu wewe na uchovu wako, manake nadhani hapa ndo kwenye shida yenyewe na huyo dada kasingiziwa tu.

Fungua 1 Wafalme sura ya 19. Eliya katoka kushinda siku kubwa kuliko zote za maisha yake, Yezebeli kamtishia, akakimbia. Angalia anachofanya, alifika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akakaa chini ya mti akaomba afe. Alimwacha mtu wake kwanza, halafu ndo akafikia kuomba kufa, huo mpangilio huwa naufikiria sana. Na Mungu alimjibuje? Hakumuuliza umeacha lini kusali. Alimwacha alale. Malaika akamgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate na maji, akala, akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamwambia ule manake safari ni kubwa mno kwako. Maswali yalikuja baadaye, mlimani, siku arobaini mbele. Na pale mlimani Eliya akalia mara mbili kwamba nimebaki mimi peke yangu, akapewa kazi, na ndani ya hiyo kazi akapewa Elisha, halafu akaambiwa wapo 7,000 ambao hawajamwinamia Baali. Usingizi, chakula, watu. Yote hayo yako kwenye Maandiko na hakuna hata sehemu moja aliyokemewa kwa kuchoka.

Wewe unafanya kazi siku sita, unarudi usiku, halafu siku ya saba unajilaumu kwa kulala. Hata hivyo usidhani nakupa ruhusa ya kuacha ibada. Nakwambia usihesabu usingizi wako kama dhambi. Lala mapema Jumamosi, yani ile saa unayokaa na simu kitandani ukiangalia maisha ya watu, irudishe kwenye usingizi. Na uangalie kama kuna ibada ya jioni au kikundi kinachokutana siku ya kati ya wiki karibu na kazini, Mungu hajafunga ofisi Jumatatu.

Kuhusu kuongea na ukuta. Zaburi nyingi za kilio zinaanza na machozi zinaisha na sifa, ila ya 88 haiishi hivyo, inaanza na kilio na mstari wake wa mwisho ni wa mtu anayesema marafiki wangu wametengwa nami na kilichobaki ni giza, basi, imekatika hapo. Na watu wa Mungu waliiacha hivyo, hawakuiongezea mstari wa kuipendezesha. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa 2007 watu wengi walishtuka kukuta kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa anasali bila kumsikia Mungu, huku anaendelea kuhudumia watu. Na nyie wasomaji wangu Waislamu ambao nanyi mnaniandikia haya haya kwa maneno mengine, mnaijua Sura ya 93, Adh-Dhuha, iliyoshuka baada ya wahyi, yani ufunuo, kukatika kwa muda na Mtume akahuzunika, akaambiwa Mola wako hakukuacha wala hakukukasirikia. Kwa hiyo ukimya huo wewe sio wa kwanza kuusikia. Usali kwa ufupi. Ukishindwa maneno soma zaburi moja, ukishindwa kusoma kaa tu dakika tano kwenye kona yako.

Ila kama kulia huko kunakuja karibu kila siku, usingizi hauji hata ukiwa umechoka, chakula hakipandi, vitu vyote vimepoteza ladha, na hali hiyo imekaa wiki mbili au zaidi, nenda ukamwone daktari. Na ukianza kuwaza kwamba bora usiwepo usisubiri hata siku moja, mwamshe mwenzako usiku huohuo umwambie. Kusali na kutibiwa havigombani, Eliya alipewa mkate.

Jambo jingine, ni upweke wako pale kanisani. Unaingia unakaa nyuma unatoka kabla hawajamaliza, halafu unashangaa hakuna anayekujua. Kuna utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, ulitoka 2018, aliona kwamba mtu unayemfahamu tu anahitaji kama masaa 50 ya kuwa pamoja ndo awe rafiki wa kawaida, kama 90 ndo awe rafiki kweli, na zaidi ya 200 ndo awe wa karibu. Sasa piga hesabu, ibada ya masaa mawili kila wiki bila kukosa, masaa 200 ni wiki 100, karibu miaka miwili, na hapo mmekaa mmeangalia mbele hamuongei. Wewe unaenda mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ubaridi unaousikia pale sio lazima uwe chuki, ni masaa hayajatimia. Njia ya mkato ninayoijua ni kushika kazi ndogo, rudi kwaya kama unaweza, kama mazoezi yanakushinda na ratiba yako basi panga viti, kusanya vitabu, baki nusu saa watu wakiondoka. Anayekusanya vitabu hakosi mtu wa kumuuliza unaitwa nani na unakaa wapi. Na ukipiga hesabu hiyohiyo kwa rafiki yako wa nyumbani utaona una masaa maelfu pale, hayo ndo unaambiwa uyatupe kabla mwaka haujaisha.

Na yeye nadhani hujawahi kukaa naye mkaongea kwa nini aliacha. Kwenye barua yako yote umesema aliacha, haujasema kwa nini. Miaka miwili mwanangu. Muulize, siku mko wote hamna haraka, na ukimuuliza usijibu. Marafiki wa Ayubu wanasemwa vibaya ila walianza vizuri, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa, waliharibu walipofungua mdomo kumfundisha. Inawezekana kuna kitu kilimpata. Inawezekana alikisema pale kikundini na akasomewa mstari. Na wewe pia mwambie lako, kwamba umeambiwa umhame na hutahama, asije akalisikia kwa watu.

Kwa kiongozi wako nenda wewe mwenyewe, usimkwepe. Mwambie kwa adabu, nimelifikiria ulilosema, sitahama, ila nahitaji msaada, Jumapili nashindwa kuamka na nikisali nasikia ukuta, naomba mtu wa kusali nami mara moja kwa wiki hata kwa simu. Mpe kazi ya kweli ya kufanya. Akikataa na kuendelea kukutisha, kuna wazee wengine na kuna makanisa mengine.

Imebaki laptop.

Jumapili hii usiifungue. Mama akipiga, pokea kukiwa kimya hivyohivyo. Akiuliza umetoka kanisani, sema, mama leo sikwenda, nimechoka sana siku hizi na nasikia upweke. Usianze na yote, usimwambie miezi mingapi, usimwambie habari za nyimbo siku hiyo, hiyo utamwambia mkionana ana kwa ana na mkiwa wawili. Anaweza akakasirika, anaweza akaanza kuhubiri, mwache amalize. Lakini mimi ni mama pia na nakwambia, mwanangu akiniambia nimechoka na niko mpweke, neno kanisa linanitoka kichwani kwa muda, nasikia mtoto wangu yuko mbali anaumia. Ninachoogopa kwako ni kwamba mama yako kila Jumapili anaongea na msichana ambaye hayupo, anakata simu akiwa na amani, na wewe ambaye upo hana nafasi ya kukuombea kwa sababu hajui.

Ukimaliza hiyo simu utakuwa unatetemeka. Usikae peke yako chumbani, toka nenda kakae na mwenzako. Na kile kipande cha boksi cha dozi, ulisema bado kipo ukutani umeshindwa kukibandua na hujui kwa nini. Mwonyeshe, mwambie asante ya mwaka jana, sidhani kama ulishamwambia.

Niandikie baada ya Jumapili mbili uniambie mama alisemaje.